Glasi ya Maji ya Kisima Chetu

Jamani, leo nilijiandaa kumfokea mtumishi wa umma mpaka majirani wasikie.

Ni yule mpimaji wa maji aliyetuandikia kuwa kisima chetu hapa Mwera ni salama. Meno ya mwanangu sasa yana madoa ya kahawia.

Kaja nyumbani mwenyewe. "Shikamoo, mama."

Mama yangu, kama kwa mgeni yeyote, akamletea glasi ya maji ya kisima hicho hicho.

Mpimaji akaitazama weee.

"Mama, madini ya floridi, yale yanayotia meno madoa, sikuyapima. Nilisaini tu. Nisameheni, leo nimekuja kukifunga kisima."

Kisha, kwa aibu, akainua glasi anywe hivyo hivyo!

Mama akampokonya. "Usinywe, baba. Na wewe una mama yako."

Nyie mngefanyaje? Mimi nilitoka nje nikamkatia dafu.