Godoro la Dunguni

Godoro lilikuwa jembamba mno. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi tangu tunalifunga juu ya gari, uani kwetu Kahama. Mume wangu alisema ni zawadi ya mama yake kule delta ya Rufiji, lakini mkwe wangu namjua. Ni mwanamke mwenye mwili wake, na akilalia godoro lile nusu yake itabaki nje.

"Dukani hapakuwa na kubwa?" nikamuuliza.

"Yalikuwepo. Hili linatosha."

Linamtosha nani, hakusema. Sikumrudia, maana mtu anayeficha jambo ukimwuliza sana unampa nafasi ya kujiandaa.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita na tulikuwa wanne garini: sisi wawili, binti yetu wa miaka kumi na mmoja, na mdogo wake wa kiume ambaye alianza kuuliza kama tumefika kabla hatujaifikia Nzega. Binti alikuwa kimya. Begi lake alilipakata, hakutaka liwekwe nyuma na mengine. Tuliposimama Singida kununua kuku, nililiinua nikijifanya nampisha mdogo wake apite. Lilikuwa zito kuliko begi langu. Nikapapasa kwa nje na kuhisi madaftari, kandambili, na kitu laini kilichokunjwa kama chandarua. Kwa safari ya wiki moja, mtoto anabeba chandarua cha nini? Bibi yake ana vyandarua.

Na pale pale Singida mume wangu alipiga simu. Kwa kawaida huongea na mama yake kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya kumfikia bila simu. Safari hii alisogea hadi nyuma ya kituo cha mafuta akaongea Kindengereko, taratibu, huku akinitupia jicho. Mimi ni Msukuma, Kindengereko sikijui. Kicheko chake nilikijua, kilikuwa cha mtu ambaye jambo lake limekubalika.

Nililala Dodoma na donge langu rohoni, nikaamka nalo. Morogoro ilipita, Chalinze ikapita, foleni ya Mbagala ikatusaga mchana kutwa, na godoro bado liko juu yetu, kamba yake ikipigapiga paa. Mume wangu alijaribu kunichekesha. Nilicheka kwa ajili ya watoto.

Wifi yangu, dada yake mume wangu, anaishi Mtawanya, karibu na Kibiti. Kwake ndiko tulikoacha gari. Alitupokea vizuri, akatuandalia wali wa nazi na kambakochi, kisha akamvuta binti yangu akamgeuza huku na huku.

"Ndiye huyu anayebaki? Mbona mwembamba hivi?"

Mume wangu akauliza kwa haraka mno kama boti za asubuhi bado zinajaza mapema. Wifi akaanza kuelezea boti. Mimi nilibaki na tonge mkononi, na hasira ilinipanda mpaka nikahisi masikio yanawaka.

Sasa nilijua. Katika ukoo wao mtoto wa kwanza hulelewa na bibi. Mume wangu mwenyewe alilelewa hivyo, na hadi leo akizungumzia kwa bibi yake utadhani anazungumzia peponi. Tena ulikuwa msimu wa mpunga kuiva. Kule delta familia huhamia shambani na kulala kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kuamia ndege mchana na kufukuza nguruwe mwitu usiku. Mkwe wangu magoti yamechoka. Anahitaji mtu wa kupanda ngazi na kutikisa makopo ndege wasimalize mpunga. Na godoro jembamba ndilo linaloenea dunguni. Nilijiapiza kwamba mwanangu nimetoka naye na nitarudi naye.

Kesho yake tulikwenda hadi gatini kwa bodaboda mbili, godoro likiwa limekunjwa mgongoni mwa mume wangu, halafu boti ya mashine ikatupitisha kwenye mikoko hadi Mbuchi. Mkwe wangu alikuwa shambani. Alikaa kwenye mkeka chini ya dungu lake, miguu kainyoosha, anapembua mchele. Nilimwamkia. Hata chai sikuisubiri.

"Mama, nakuheshimu sana. Lakini mtoto simwachi."

Aliendelea kupembua.

"Mwanangu, nani kakuomba mtoto?"

"Wifi amesema. Godoro nimeliona. Simu za kujificha nimezisikia."

Akaweka ungo chini. "Mie nlimwambia mumeo hivi: huyo mwanamke mwambieni mapema. Akasema mwenye shauri kakataa." Akamwonyesha binti yangu kwa kidevu. "Mwulize mwenye shauri."

Nikamgeukia binti. Alikuwa amelikumbatia begi lake.

"Nilimwomba bibi mimi," akasema. "Nikamwomba baba asikwambie. Ungekataa kabla sijamaliza."

"Kwa nini unataka kukaa huku uamie ndege?"

Alimwangalia baba yake, halafu akaniangalia mimi moja kwa moja.

"Bibi haniulizi kila kitu. Nyumbani hata begi langu unalipapasa. Ulidhani nimelala, pale Singida."

Mume wangu alijishughulisha na kamba ya godoro. Nilitaka kumjibu mwanangu na nilikuwa na majibu mengi, yote ya haki: mama asiyechunguza ni mama gani? Lakini iliniuma kuliko kama angeibiwa kweli, kwa sababu mwizi ningeweza kupigana naye.

Nikapanda ngazi ya dungu. Nilitikisa kila nguzo. Nilibonyeza fito za sakafuni, nikavuta kamba inayokwenda hadi kwenye makopo katikati ya mpunga, yakalia, na kundi la ndege likaruka. Nikakagua paa. Kisha nikamwambia mume wangu anipe godoro na begi. Nilitandika. Lilienea sawasawa, ukuta kwa ukuta. Chandarua nikakifunga kwa mikono yangu na kukichomekea pande zote. Madaftari sikuyafungua, ingawa nilitaka.

"Hadi shule ifunguliwe," nikamwambia nikishuka. "Baba yako atakufuata."

Tulikaa naye siku zetu, tukaondoka watatu. Hakuja kutusindikiza gatini. Alisema ndege wa asubuhi ni wengi. Boti ilipokuwa inapita upande wa mashamba, mdogo wake akiwa amesinzia mapajani pangu, nikasikia makopo yakilia, yakanyamaza, yakalia tena kwa nguvu. Nilitazama juu ya mpunga. Sikuona ndege hata mmoja akiruka.

"Anakuaga," mume wangu akasema.

Nilimkazia macho, kama ninavyomkazia akisema chochote. Halafu nilisimama botini, huku nikilia, nikapunga mkono hadi makopo yalipoacha kusikika.