Chungu cha Maji cha Mama Aloisia

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya vyungu vya kuchujia maji, Moshi mjini, Fundi Mkuu alinipa chekeche na gunia la pumba za mpunga kutoka Mabogini. "Chekecha," alisema. "Pumba nene, tundu kubwa. Tundu kubwa, watu wataharisha."

Pumba zile tulizichanganya na udongo. Ndani ya tanuru ziliungua na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji yalipenya, uchafu ukabaki. Chungu kikishapoa tulikipaka maji yenye chembe za fedha, madini yale ya pete, ndogo kiasi kwamba hazitui chini hata ukiziacha wiki nzima. Hizo ziliua vijidudu.

Miaka hiyo maduka yalijaa vitu vipya, vingi vikiwa hafifu, na watu walitupokea kwa mashaka. Nilitumwa Kibosho kukagua vyungu. Mama Aloisia, mkulima wa kahawa, alikuwa wa kwanza kuchukua chungu chetu. Baada ya miezi michache mwanawe mdogo alianza kuharisha tena, hadi akalazwa.

"Habari za hapa, mama?"

"Habari unazo wewe mwenye chungu."

Nilipima maji yake: yana vijidudu. Nikapima ya jirani, ambaye chungu chake kilikuwa na ukoko wa kijani: salama. Sikupata usingizi. Nilipanda na kushuka barabara ile mbovu, nikikagua ndoo, mfereji, hata kata ya kuchotea maji. Asubuhi moja nikamkuta uani anasugua chungu kwa mchanga na jivu.

"Mama, unakisugua hivyo kila siku?"

"Nisisugue? Mama mkwe akiona ukoko ataita ukoo mzima waje kuutazama."

Fedha yote ilikuwa imeondoka na jivu. Nilimsihi aache. Akanitazama. "Kwenu mnanywea vyombo vichafu?"

Niliporudi karakanani na kumsimulia, Fundi Mkuu alicheka. "Mwanamke wa Kibosho humfundishi uchafu. Badilisha chungu."

Tukaanza kuchanganya fedha na udongo wenyewe kabla ya kuchoma, ili hata akisugua namna gani aikute. Cha kwanza nilimpelekea yeye. Mtoto alikuwa ametoka hospitali, mwepesi kama kikapu. Nilipima maji yale kila wiki, hata baada ya Fundi Mkuu kuniambia inatosha.

Nimestaafu, lakini sijatulia. Nikikaribishwa maji kwa mtu nainuka kwenda kutazama chungu, mke wangu akinivuta shati. Kwa Mama Aloisia tu ndiko ninakobaki nimekaa. Mwanawe, ambaye sasa amenipita kimo, hunimiminia kikombe, na mama huuliza kutoka jikoni:

"Nikisugue kwanza?"

"Sugua," namjibu, na ninakunywa.