Mnyama Asiye Chochote

Fundi wetu wa programu huibembeleza kompyuta kama mama anayelisha mtoto mkaidi, huku akitafuna kifuniko cha kalamu. Leo daktari wa mifugo yuko njiani kuja kukagua kazi, na orodha ya wagonjwa wake imegoma kufunguka. Ghafla fundi anaruka, kiti kinaanguka chali. "Jamani! Nimeiagiza programu iumbe mnyama! Mnyama tu, bila kuitajia aina! Nani amewahi kumwona mnyama asiye ng'ombe, asiye paka, asiye chochote?" Vidole vinakimbia, anaiandikia ng'ombe wa mfano mahali pa yule mnyama asiye na aina. Orodha inafunguka: mbuzi, kuku, paka, kila mmoja kwenye mstari wake! Anaipapasa skrini. "Sasa, mwanangu, si ungesema mapema?" Ilikuwa imesema tangu asubuhi, kwa maandishi mekundu ya kosa, pale pale kwenye skrini.