Herufi za Bertila Kwenye Boksi la Springi

Bertila Tarimo hapokei wateja uwanja wa ndege wa Guangzhou. Mtu aliyetoka Dar es Salaam kwa akili zake, akashuka Baiyun, akashindwa kupanda metro mpaka mtaa wa Xiaobei, huyo arudi na ndege ileile, maana sokoni atapotea hata ukimfunga kamba. Ndivyo anavyowaambia wote, mwaka wa kumi na mbili huu, na ndivyo alivyomwambia Anatory.

Anatory akatokeza Barabara ya Huanshi Zhonglu saa nne asubuhi, ametota jasho, miwani ya jua ameipandisha utosini, na kifuani amevaa fulana yenye picha ya gari jekundu. Gari lake mwenyewe.

"Hiyo fulana umeuziwa au umechapisha?" Bertila akamuuliza, salamu bado.

"Nimechapisha, dada. Ishirini. Na wewe nimekuletea."

"Asante. Dekio langu limechakaa."

Anatory akacheka akidhani ni utani.

Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, milango miwili, injini ya silinda nane, pua ndefu kama jeneza, aina ambayo wenye nayo hujivuna kuiita gari la misuli. Siku za kazi lilitembea Dar kama magari mengine. Jumamosi moja ya kila mwezi Anatory, muuza simu wa Kariakoo, na wenzake, watu wazima wenye vitambi na watoto sekondari, walikodi kiwanja cha zamani cha ndege nje ya Morogoro, wakapanga matairi mabovu yawe kona, wakafukuzana mpaka jioni. Kwenye kona hizo gari lilikuwa linalala ubavu kama ng'ombe aliyeshiba. Mwezi uliofuata kulikuwa na mashindano, na Anatory alitaka springi na shokapu mpya, seti nzima. Wenzake wakamwambia: ukifika Guangzhou mtafute mama wa BT.

BT ni alama ya Bertila. Kila anayesafirisha mzigo kutoka Guangzhou ana herufi zake anazozipaka kwenye boksi, ili kule ghala la Dar maboksi mia nane yakimwagwa chini kila mtu alijue lake. Ila BT imekuwa zaidi ya hapo. Mafundi wa Dar na Moshi wakiona BT hawafungui kukagua, wanafunga kwenye gari moja kwa moja. Bertila, aliyeishia darasa la saba huko Rombo na asiyejua kusoma hata herufi moja ya Kichina, hana cheti kingine duniani zaidi ya hizo herufi mbili za rangi nyekundu.

Aliwahi kuzichafua mara moja. Mwaka wake wa pili alichagua springi za mabasi madogo kwa namna tunayochagua sisi sote nyumbani: unainyanyua, ukiiona nzito unasema hii orijino. Akatuma jozi hamsini, nzito kama mawe. Abiria wa Moshi wakarushwa miezi minne, mama mmoja akavunja trei ya mayai nzima akiwa ameipakata, na stendi nzima mtu akikuumiza mgongo ukawa unamwambia "we springi ya Bertila". Tangu hapo akajiwekea sharti moja. Hachagui springi kabla ya kuona barabara.

"Nioneshe njia ya kwenu," akamwambia Anatory.

Anatory akatoa simu. Gari likiwa limeoshwa. Gari likiwa na utepe. Gari usiku, gari mchana, yeye ameliegemea kama anayeposa.

"Nimesema njia."

"Barabara ni barabara, dada. Mimi nakaa Goba."

"Goba ninaijua. Nusu lami, nusu ahadi. Nani analiendesha?"

"Si mimi! Nani mwingine?"

Bertila akamtazama, akaliacha hapo, wakaenda soko la spea.

Duka analolitegemea Bertila ni la mwanamke mmoja anaitwa Liang, mfupi, mkali, birika la chai halimtoki mkononi. Bertila humwita laobani, yaani bosi, na Liang naye humwita Bertila laobani, na hakuna anayempunguzia mwenzake hata kidogo. Kichina cha Bertila ni cha kununua na kukataa tu. Kwa Liang kinatosha.

Anatory hakungoja chai. Alikwenda ukutani kama nzi kwenye embe, akashusha springi nne nyekundu zilizovalishwa kwenye shokapu zake, chuma kinene kama mkono wa mtoto. Akanyanyua moja. Akapima kwa mkono. Akafumba macho.

"Hii. Nzito, dada! Hii orijino."

Bertila akahisi trei ya mayai ikivunjika upya.

"Hiyo ni ya mbio tupu," akamwambia. "Ya uwanja laini kama meza. Inashusha gari sentimita saba. Ikigonga kifuniko cha mtaro, shokapu haina tena mahali pa kwenda, inagota, na wewe unagota nayo."

"Lakini kwenye kona?"

"Kwenye kona ya meza, nzuri. Kwenye kona ya Goba, tairi inaruka hewani. Tairi ikiwa hewani inashika nini, mawingu?"

"Dada, mimi nimeangalia video zaidi ya mia."

"Video ngapi zimepigwa Goba?"

Anatory akamgeukia Liang apate mtetezi, akamwinulia kidole gumba. Liang akaangalia kidole, akaangalia springi, akamwambia Bertila kwa kifupi: mdogo wangu amefunga hizihizi, gari liko nyuma, mpakieni.

Wakampakia. Gari la mdogo wake Liang lilikuwa chini mpaka Anatory akaingia kwa kutanguliza matako na kumalizia kwa kuvuta mguu mmoja mmoja. Bertila akabaki amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Uchochoro wa nyuma ya soko una matuta matatu ya mpira ya kupunguza mwendo wa mikokoteni, na mwisho wake kuna kifuniko cha chuma kilichozama. Tuta la kwanza miwani ikashuka kutoka utosini ikakaa puani. La pili simu ikatoka mfukoni. La tatu Bertila hakuona kitu, alisikia tu mtu akimwita mama yake. Kwenye kifuniko kikasikika kishindo kimoja kikavu, gari zima likaitika kama sufuria tupu.

Anatory akarudi akitembea kwa hatua za bwana harusi.

"Umeonaje, bosi?" Bertila akamuuliza.

Akajishika kiuno. "Unajua," akasema, "lina... lina mshiko."

Hapo Bertila alitaka kucheka akashindwa, maana alimwona kweli atazichukua. Mtu ambaye uti wa mgongo umemwambia hapana na bado anabishana nao, utamwambia nini? Na yeye akizichukua, zitakwenda Dar ndani ya boksi lenye BT. Miaka kumi ya kuosha jina, halafu limwagiwe tope na fulana moja.

"Sikiliza, kaka Anatory. Ukitaka hizi, nunua. Pesa ni zako na mgongo ni wako. Lakini boksi utaandika herufi zako."

"Aa, dada! Bila BT fundi wangu hafungi. Ameniambia kabisa: kama siyo BT, usiniletee."

"Basi fundi wako ana akili kukuzidi. Nioneshe njia."

"Sina picha ya njia!"

"Una mke?"

"Ninaye."

"Mpigie."

Guangzhou ilikuwa saa nane mchana, Dar saa tatu asubuhi. Anatory akapiga kwa video, na uso wa mwanamke ukatokea, kilemba kimekaa upande, mkono mmoja kwenye usukani. Nyuma yake kiti chekundu cha ngozi. Bertila alikiona kiti hicho kabla hajamwona mwenye kilemba. Alikuwa ameshakiona kwenye picha thelathini.

"Wifi, hujambo? Mimi Bertila, wa spea, Guangzhou. Unaitwa nani?"

"Sijambo wifi, naitwa Dainess. Huyo mtu wangu yuko salama?"

"Yuko salama, kiuno tu. Hilo gari unaendesha wewe?"

"Nani mwingine? Kagari kangu si kaliuzwa kulipia ushuru wa hili joka! Naendea dukani, narudi nalo, kanisani nalo. Yeye analiendesha siku ya Morogoro. Siku nyingine analipangusa."

Bertila akamgeukia Anatory. Anatory alikuwa anasoma kwa makini maandishi ya Kichina kwenye boksi la spea.

"Wifi, weka simu hapo mbele, iangalie njia, halafu endesha taratibu mpaka lami. Usizungumze."

Dainess akaegesha simu kwenye dashibodi. Liang akasogea na birika lake, wakatazama wote watatu. Pua nyekundu ndefu ikatoka getini, ikavuka mtaro juu ya mbao mbili. Ikaja kona yenye makorongo ya mvua. Likaja tuta la wananchi, la kifusi, lisilo na kipimo, Dainess akalipanda kimshazari, tairi moja kwanza, kama mtu anayeshuka ngazi na ndoo ya maji kichwani. Kwenye tuta la nne kitu kikakwaruza chini kwa muda mrefu, krrrrr, na Dainess akasema "pole, pole mwanangu," na haikujulikana anampa pole nani. Matuta saba. Kisha lami.

"Hapo ni kabla hajalishusha," akasema Dainess. "Ameniambia atalishusha sentimita saba. Wifi, nikuulize, mimi nitapitia wapi? Angani?"

Liang hakuelewa neno, lakini alielewa ile krrrrr. Akazichukua springi nyekundu kutoka miguuni pa Anatory, taratibu, kama unavyomnyang'anya mlevi funguo, akazirudisha ukutani.

"Haya," Bertila akasema. "Gari linatembea mwezi mzima na mama na siku moja na baba. Nani anachagua shokapu?"

Anatory akazitazama springi nyekundu ukutani. "Na mashindano?"

"Utakwenda." Na hapo Bertila akafanya kazi yake, haraka, bila maneno mengi. Springi ngumu kuliko za kiwandani kwa kiasi tu, za kushusha sentimita mbili na siyo zaidi. Shokapu nne zenye kinobu cha kuzungusha juu: Jumamosi unakikaza, Jumapili unakilegeza, kanisa lisijue ulikuwa Morogoro. Halafu chuma cha stabilaiza, kile kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, kinene kuliko cha zamani, mbele na nyuma. "Hicho ndicho kitakachozuia lisilale kwenye kona. Ulikuwa unatafuta dawa ya kona kwenye springi, wakati ugonjwa uko kwenye chuma." Na bushi, zile pete za kwenye maungio, za mpira mgumu, siyo za chuma zenye kelele, ili Dainess asikie redio.

Vitu vyote vikapangwa sakafuni. Vilikuwa vyeusi, vya kawaida, havina hata stika. Anatory akavizunguka. Akanyanyua shokapu moja, akapima kwa mkono, akakunja uso.

"Nyepesi."

"Kaka."

"Nasema tu." Akairudisha chini. Halafu kwa sauti ndogo: "Huyu mama hawezi kuzipaka rangi? Nyekundu?"

Bertila akamtafsiria Liang. Liang akacheka mpaka akaweka birika chini, jambo ambalo Bertila hakuwahi kuliona. Akasema rangi ipo, wapake wapendavyo, springi haina macho.

Jioni boksi likafungwa. Bertila akachovya brashi akapaka BT ubavuni, kubwa, ikasomeka kutoka upande wa pili wa ghala. Chini yake huandikwa jina la atakayeupokea mzigo Dar na kuutia saini.

"Anatory," akaanza kutaja mwenyewe, "A, N, A..."

Bertila alikuwa ameshamaliza. Ubavuni, chini ya BT, ilikuwa imeandikwa DAINESS, na rangi ilikuwa inaanza kukauka.