Jiko Lililoachwa Nje ya Picha

Mtaa mzima ulimwita Kopo, kwa sababu ya lile kopo la maji lililoning'inia kwenye mkoba wake asubuhi na jioni. Alikuwa mchoraji wa rangi za maji, na kuchorea ndani ya nyumba aliona ni kazi ya wagonjwa. Jua, upepo, vumbi, hata nzi aliyezama kwenye rangi ya bluu, vyote alivipenda. Mvua ikimkuta alizikumbatia karatasi zake, mwenyewe akalowa chapachapa.

Aliyemlisha ni dada yake mkubwa. Tangu mama yao afariki, chai na chakula cha Kopo vilitoka kwenye jiko la dada, kibanda cha mabati yenye kutu ubavuni mwa nyumba. Kopo alikula, akashukuru, akaenda zake nje. Ugonjwa wake ulikuwa majigambo. Nyuma ya kila picha aliandika tarehe na maneno yale yale: "Kama ilivyo. Sikuongeza, sikupunguza."

Uongo mtupu! Siku alipochora nyumba ya dada, yale mabati yalimchefua. Mahali pa jiko akaweka nyasi, nyasi nzuri za kijani kibichi, huku akinywa chai iliyotoka jikoni humo humo. Picha ikanunuliwa na seremala wa jirani, akaitundika sebuleni.

Miaka kumi na minne baadaye seremala akadai kwamba jiko limejengwa juzijuzi tu, tena kwenye ardhi yake. Ingethibitika kuwa lilikuwepo siku zote hizo, sheria ingemwachia dada. Lakini dada hakuwa na karatasi yoyote. Seremala alikuwa nayo moja, tena ina fremu.

Mahakamani Kopo alisimama kutoa ushahidi. "Mheshimiwa, jiko lilikuwepo. Mimi ndiye niliyeliacha nje ya picha. Lilikuwa linaniharibia picha."

Hakimu akaigeuza fremu, akasoma maandishi ya nyuma kwa sauti. "Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi ulisema kweli siku ile, au unasema kweli leo? Leo unamtetea dada yako. Siku ile hukuwa na wa kumtetea."

Kopo akauinamia mwandiko wake. Alijichukia.

Jiko lilibomolewa Jumatatu asubuhi, jua likiwa zuri ajabu. Kopo alikuja na mkoba wake, maana hakujua kwenda popote bila mkoba. Dada alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, sufuria zimemzunguka chini.

"Dada, nisamehe."

 Dada alitazama mahali palipobaki wazi, kisha akalitazama lile kopo.

"Chora basi, mdogo wangu," akasema. "Sasa ni kama ulivyoandika. Ila ukifika hapa nilipoketi mimi, weka nyasi."