Sindano Mbili za Siku Moja

Mwaka ule kifaduro kiliingia mtaani kwetu Kariakoo kikitokea mtaa wa Gerezani, au ndivyo tulivyosema. Huenda na wao walisema kimetoka kwetu. Watoto walikohoa mpaka midomo ikawa rangi ya zambarau, na mmoja wa nyumba ya nyuma tulikuwa tumemzika. Mwanangu wa kwanza alikuwa hajajua hata kukaa.

Daktari wa Kihindi mwenye chumba karibu na soko alikuwa na dawa ya kukizuia, ya kuchoma kidogo kidogo, leo sindano, nyingine baada ya majuma. Mimi, mke wangu na mama yangu tulikubaliana mtoto achomwe, bila kusema nani atampeleka wala lini.

Sasa, kwetu dawa ya mtoto haitangazwi. Ukisema leo kapewa hiki, jicho la mtu linaiharibu. Hata wa chumba kimoja hamwambiani mpaka ikae mwilini. Nami nilikuwa naamini hivyo, na hata sasa sijui kama nimeacha kuamini.

Asubuhi mke wangu alikwenda kupanga foleni bombani. Mama akamchukua mjukuu wake kwa daktari, mtoto akachomwa, akamrudisha bila kumwambia mtu. Adhuhuri mama alipolala, mke wangu akambeba mtoto mgongoni mpaka chumba kile kile. Daktari alikuwa amekwenda kula. Msaidizi wake aliuliza, "Mara ya kwanza?" Mke wangu akajibu, "Ya kwanza." Hakusema uongo, alisema alichokijua.

Niliporudi kutoka kazini alasiri nilimsikia mtoto tangu njiani. Hakikuwa kilio cha njaa. Kilikuwa sauti moja tu, nyembamba, isiyopanda wala kushuka.

"Mume wangu leo kanichukia," mama alikuwa akimtania mjukuu wake uani, akimpepea. "Mke mwenzangu kanisema nini kwake?"

"Mama nawe! Mumeo anaungua homa, wewe unaleta wivu."

Wakacheka. Kisha mke wangu akamfungua nguo ampanguse maji. Paja la kulia lilikuwa limevimba, gumu, jekundu.

Mama akainama. "Si huko. Ni huku."

"Huku wapi, mama?"

Mama akagusa paja la kushoto. Nalo lilikuwa limevimba. Wakatazamana.

Nilimbeba mbio kwa daktari, mke wangu nyuma yangu. Akayabonyeza mapaja yote mawili, akamtazama msaidizi wake.

"Dawa hii haichomwi mara mbili siku moja," daktari alisema. "Mpanguseni maji. Akikakamaa mlazeni ubavu, mniite."

"Atapona, bwana daktari?"

"Watoto wengi homa hushuka."

Nilimwuliza juu ya mmoja, akanijibu juu ya wengi.

Kabla ya magharibi mtoto alikakamaa, macho yakapinduka juu. Mama akasema ni degedege, akaleta chetezo amfukize. Mke wangu akamzuia mkono, taratibu: "Mama, leo tumekwisha kufanya mengi bila kuulizana." Mama akakiweka chini.

Naandika kwa haki kadiri ya elimu yangu, nayo ni ndogo. Watoto wengine wa mtaa walichomwa sindano moja moja, wakapata homa ya siku moja, wakacheza. Wangu huenda alikuwa na ugonjwa mwingine ndani tayari. Daktari alikuja akamtazama, akasema hajui, nami namheshimu kwa kusema hivyo.

Asubuhi homa ilishuka. Akashika ziwa, akanyonya vizuri, na mama akapiga kigelegele. Mke wangu akamwita kwa jina la kumdekeza. Hakugeuka. Akapiga makofi karibu na sikio lake. Macho yalibaki juu kwenye boriti, na mdomo uliendelea kunyonya.

"Ana usingizi," mama alisema.

"Ndiyo," nikasema, "ana usingizi."

Mke wangu akapiga makofi tena.