Briji Barazani kwa Baba Mkwe

Kanisani walitufundisha kwamba karata ni za shetani, lakini baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa na alicheza briji kila Jumamosi alasiri, barazani kwake, mchana kweupe. Alisema shetani hana subira ya mchezo ule. Zamani alikuwa mkalimani wa boma, na bwana shauri mmoja, afisa wa Kizungu aliyekosa mtu wa nne mezani, akamfundisha. Alipostaafu akarudi na mchezo huo Mbozi kwenye shamba lake la kahawa, akawafundisha mganga wa zahanati na mwalimu wa shule ya misheni. Mtu wa nne hakupatikana mpaka nilipomwoa binti yake. Mpaka leo nashuku kwamba aliniangalia akili ya karata kabla ya kuniangalia tabia.

Asiyeujua mchezo huu na anielewe hivi. Wawili wanaoketi kuelekeana ni wenzi. Kabla ya kucheza kuna mnada: kila mtu kwa zamu anataja idadi ya mikono, yaani mizunguko ya karata nne, ambayo yeye na mwenziwe wataichukua, na aina ya karata itakayokuwa turufu. Idadi huhesabiwa juu ya sita: moja ni mikono saba, sita ni kumi na miwili. Zaidi ya hapo hakuna ruhusa ya kusema neno, wala kukonyeza, wala kukohoa. Mikono yote ni kumi na mitatu. Ukiahidi kumi na miwili ukaipata, sisi tuliita kufagia, na mtu aliyefagia alitajwa wiki nzima.

Mimi na mzee, tuliokuwa wenzi siku zote, hatukuwahi kufagia, na sababu ilikuwa adabu yangu. Kwetu Momba, kama kwao Mbozi, mkwe hamuulizi baba mkwe maswali. Anaketi kwenye kigoda, macho chini, anangoja kuulizwa yeye. Sasa mzee akifungua mnada kwa shupaza moja, nami nina shupaza nyingi na karata nzito, natakiwa nipandishe hadi tatu. Maana yake ni kwamba tuna nguvu, tusiishie hapa, tuzidi kuzungumza. Nikiruka moja kwa moja hadi nne, maana yake turufu ninazo lakini nguvu sina, tufunge. Mimi niliruka hadi nne kila mara. Ningewezaje kumwambia mzee yule tuzidi kuzungumza? Na ule wito wa nne bila turufu, wa kumuuliza mwenzio ana ree ngapi, zile karata zinazompiga mfalme, ulinikausha mate kabisa. Nilijiona nachungulia chumbani kwake.

"Bwana karani bado anaposa," mwalimu alinicheka. "Watu wameshakula pilau, yeye yuko kwenye barua ya uchumba!"

Mwaka ule tulipomzika mtoto wetu wa pili, tukabaki wawili, mke wangu akaenda kwao kupumzika. Mvua zikaja, zikaisha, hakurudi. Mimi nilikuwa karani huko Tunduma mpakani, na kila Jumamosi nilidandia lori la mahindi kupanda Mbozi. Nilitaka mke wangu arudi nyumbani, sikuwa na haja nyingine duniani. Lakini mume hasimami mbele ya baba mkwe akadai mke. Anatuma mshenga, na mshenga wangu alikuwa yule yule mganga wa zahanati.

"Nimelifikisha," akaniambia.

"Mzee kasemaje?"

"Kasema tucheze kwanza."

Basi tukacheza kwanza, Jumamosi baada ya Jumamosi. Mke wangu aliketi upande wa jikoni akichambua maharage kwenye sinia. Alinisalimu kwa heshima zote, kisha akaendelea na maharage yake. Mbele ya baba yake hata kumtazama kwa kituo ni utovu wa adabu, kwa hiyo niliitazama sinia. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Niliyachukia yale maharage, na nilimchukia mshenga wangu kwa jinsi alivyofyonza chai kwa raha.

Ndipo ikaja siku ambayo mzee alifungua kwa shupaza moja, nami nikaangalia mkono wangu nikaona karata kama hizo sijawahi kushika. Midomo yangu ilikuwa tayari kusema nne. Nikasikia maharage yakidondoka siniani. Nikajiambia, huyu mtu simuwezi kwa mshenga, simuwezi kwa Kiswahili wala kwa Kinyiha, lugha moja tu imebaki ambayo naruhusiwa kumwambia jambo.

"Shupaza tatu," nikasema.

Mganga akaweka kikombe chini. Mzee akanadi shupaza nne, polepole. Zamu yangu ilipofika nikasema nne bila turufu. Nilikuwa nimemuuliza baba mkwe wangu swali. Hakukasirika. Alinijibu kopa tano, yaani ana ree mbili, na mimi nilikuwa na moja. Iliyokosekana ilikuwa moja tu. Nikanadi sita.

Mzee ndiye aliyefungua kwa shupaza, hivyo yeye ndiye wa kucheza. Mimi mwenziwe nikalaza karata zangu wazi mezani, na kuanzia hapo sheria hairuhusu kugusa wala kusema. Anayekaa hivyo tulimwita bubu. Ree ya kopa tuliipoteza, hilo tulilijua. Mfalme wa shupaza naye hakuwa kwetu. Kama yuko kwa mwalimu, kuliani kwa mzee, atanaswa. Kama yuko kwa mganga, tumekwisha. Nusu kwa nusu, na kufagia kwa namna hiyo hunadiwa bila aibu. Mzee akaita turufu kubwa kutoka kwenye karata zangu, mwalimu akaweka ndogo, mzee akaweka ndogo, na mshenga wangu, Mungu amsamehe, akatoa mfalme.

Mzee alizikusanya karata zile akazipanga, hakuniangalia.

"Umenadi sawasawa, mwanangu," akasema. "Mfalme ndiye alikaa pabaya. Na lile jambo jingine nimemuuliza mwenyewe, zaidi ya mara moja. Anasema ile nyumba hawezi kuingia tena. Mimi kumswaga binti yangu kama mbuzi siwezi."

Upande wa jikoni mke wangu aliendelea kuchambua. Nilitamani aseme kwamba kosa ni langu, kwamba nilimpiga au nilimtukana, ili niwe na kitu cha kuomba radhi. Sikuwa na la kufanya, naye mzee hakuwa na la kufanya, tukagawa karata tena.

Kiangazi kile kaka za mke wangu waliwaswaga ng'ombe wa mahari hadi kwetu, na ndoa ikaisha. Yeye alihamia kwa shangazi yake Isongole. Baadaye mganga akaniletea habari kwamba mzee anauliza mbona siji, mchezo umelala kwa kukosa wa nne. Nikaenda. Nilipotaka kukaa kigodani mzee akanivutia kiti cha mgongo sawa na chake, kwa sababu sikuwa mkwe wa mtu tena.

Alasiri ile nilipandisha nilivyotaka, nikauliza ree bila kumeza mate, tukafagia. Mwalimu akapiga meza. Mzee akacheka, akaninyooshea mkono juu ya karata.

"Safi sana," akasema, "bwana karani."